Meno ya Muonja Chai

Vijana wangu, nyinyi mnaosomea kazi hii ya meno, mkija hapa nyumbani kunijulia hali, hata kabla sijawatolea viti mnaanza: "Mama Ruth, wewe umetengeneza meno maisha yako yote. Sasa mama yangu aweke ya skrubu ama ya kuvaa?" Na mnataka jibu papo hapo, kama mtu anayeuliza bei ya sukari dukani. Jibu la papo hapo sina. Kwanza niambieni huyo mama anafanya kazi gani na huo mdomo wake. Anaimba kwaya? Anapenda mahindi ya kuchoma? Ana ugonjwa wa sukari? Mfupa wa taya umebaki kiasi gani? Mkishindwa kujibu, nyamazeni, mnywe chai, mnisikilize.

Nilikuwa fundi wa meno bandia mjini Kericho, chumba cha nyuma cha kliniki ya Daktari Rono. Daktari alikaa mbele na wagonjwa. Sisi tulikaa nyuma na plasta, nta na moto wa gesi. Ninaposema sisi, ni mimi na Mzee Ombati, mtu wa Kisii, aliyenifundisha kazi. Mimi mnanijua, mdomo wangu hauna breki. Mzee Ombati alikuwa na breki zake na zangu. Nikiharibu kazi alikuwa anaiweka mezani, anaitazama, ananitazama, kisha anaenda kujinunulia ndizi. Akirudi ananikuta nimeshaanza upya.

Huyu mzee alinifundisha kuuliza, na yeye mwenyewe alifundishwa na kogo mmoja, yaani bibi mzee, wa upande wa Kapkatet. Mwenyewe alikuwa anaisimulia hadithi hii huku akicheka mpaka miwani inaanguka. Alikuwa ndio amefika kwetu, hajui mila zetu. Kogo akaja, meno ya chini yamekwisha karibu yote. Mzee akamtengenezea safu nzuri ya chini, imejaa kutoka jino la kwanza mpaka la mwisho. Kogo akavaa, akajitazama kwenye kioo. Akayatoa, akamrudishia.

"Haya ni ya nani?"

"Ni yako, mama."

"Yangu hayajawahi kufunga hapa mbele."

Sisi Wakipsigis tunaelewa. Wazee wetu wa zamani walitolewa meno mawili ya mbele, ya chini, wakiwa bado vijana. Kogo alichumbiwa na pengo lake, akaolewa nalo, akazaa nalo. Akamwambia Mzee Ombati kwamba akifa na meno hayo, marehemu mume wake atamkatalia mlangoni. Basi mzee akachukua tupa, akang'oa yale mawili kwenye plastiki, akasugua mahali pale mpaka pakawa laini. Kogo akavaa, akacheka, pengo likaonekana, akaenda zake na furaha. Tangu hapo Mzee Ombati hakugusa nta kabla ya kumuuliza mwenye mdomo ulikuwaje, na unafanya kazi gani.

Na pamoja na kuuliza huko kote, Baba Chebet alitushinda.

Baba Chebet, jina lake Arap Sigei, alikuwa muonja chai katika kiwanda kimoja cha huko juu, njia ya kwenda Boito. Nyinyi mnafikiri kuonja chai ni kunywa chai. Thubutu! Huyo mtu siku za kazi hali kitunguu, hali pilipili, hapaki mafuta ya kunukia. Mke wake, Mama Chebet, alikuwa analalamika kanisani kwamba amepika mboga bila kitunguu tangu aolewe, na ndugu zake wakija wanafikiri hajui kupika. Majani yakitoka kwenye mashine ya kukaushia, ni yeye anaonja na kusema: hii iko sawa, hii imepata moshi, hii mashine ni moto sana, punguzeni. Akikosea yeye, chai mbaya inaingia kwenye magunia na chai nzuri, na jasho la wachumaji wa milima yote ile linauzwa bei ya takataka. Kwa hivyo watu walimheshimu. Hata wakimkuta njiani walikuwa wanaficha sigara.

Ilikuwa miaka ya tisini. Asubuhi moja anamkamua ng'ombe wake wa gredi, ng'ombe akashtuka, akarusha teke. Meno manne ya juu, ya mbele, yakaenda. Alipofika kwetu mdomo umevimba kama andazi, Daktari Rono akamuuliza pole pole nini kimetokea.

"Daktari, kila siku mimi ndio naonja," akasema. "Leo nimeonjwa."

Nikampenda hapo hapo. Mtu anayeweza kutania damu ikimtoka, huyo ni mtu.

Daktari akasafisha, akashona, akatuambia mfupa wa mbele umepasuka kidogo, tungoje upone. Ulipopona tukachukua chapa ya mdomo, tukamtengenezea plate ya kawaida: plastiki ya waridi inayofunika kaakaa, meno manne mbele, vishikio vya waya pande mbili. Kuhusu rangi, ah, hapo ndipo mngemwona Mzee Ombati. Meno ya muonja chai si meupe. Yale yaliyobaki yalikuwa na rangi ya kahawia. Tungeweka manne meupe, yangeonekana kama mabati mapya kwenye nyumba ya zamani. Mzee alikaa na sahani yake ya rangi siku nzima, anachanganya, anapeleka dirishani, anarudi, mpaka ukimwambia Baba Chebet acheke huwezi kujua lipi ni la Mungu na lipi ni la Ombati.

Mama Chebet akafurahi. Mwenyewe akafurahi. Akarudi kazini.

Haikupita wiki, nikamwona amesimama kwenye mlango wetu wa nyuma, kofia mkononi.

"Ruth, chai imekufa."

"Imekufa namna gani, Baba Chebet? Haina ladha?"

"Ladha iko, lakini iko mbali. Ni kama mtu ananisalimia akiwa ng'ambo ya mto. Naona mkono, sisikii sauti."

Mimi nikaanza kubishana naye, kwamba kuonja ni kazi ya ulimi, na ulimi wake hatukuugusa. Mzee Ombati akaninyamazisha kwa kidole. Akavua aproni. "Twende tukaone," akasema.

Tukapanda mpaka kiwandani. Meneja akaturuhusu tusimame pembeni. Meza ndefu, vikombe vyeupe vimepangwa, kila kimoja na chai yake nzito, haina sukari. Baba Chebet yuko mbele na kijiko, na nyuma yake mwanafunzi wake, msichana anaitwa Chepkoech, mtoto wa mchumaji, ambaye kiwanda kilikuwa kinamjaribu. Sasa Baba Chebet akachota kijiko, akavuta. Jamani! Sikujua binadamu anaweza kufyonza hivyo. Fyuuu! Ile chai haipiti kwenye ulimi tu, inarushwa juu, inapiga kaakaa, inagusa ufizi, harufu inapanda puani kwa ndani. Kisha anaitema kwenye ndoo kwa nguvu, anaenda kikombe kingine. Nikamtazama Mzee Ombati, naye akanitazama. Tulikuwa tumeziba kwa plastiki mahali ambapo huyu mtu anaishi.

Kikombe cha tatu au cha nne, akafyonza, akatema, na meno yakatoka pamoja na chai. Tling! Ndani ya ndoo.

Kicheko kilinipanda mpaka nikauma kitambaa cha kichwa. Meneja aligeuka ukutani, mabega yanatingishika. Chepkoech pekee hakucheka. Aliinama, akayatoa kwa kijiko, akayaosha kwa maji moto, akampa mwalimu wake kwa mikono miwili kama mtu anayempa mzee kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya kugandishwa. Baba Chebet akayapokea, akayatia mfukoni. Macho yake yalikuwa yamelowa.

Hapo utani ukaisha. Tulirudi chumbani kwetu, tukaanza kupunguza ile plate. Tukakata katikati, tukaacha ukanda mwembamba unaozunguka nyuma ya meno ili kaakaa lipumue. Ikavunjika. Tukatengeneza nene kidogo. Ikashika, lakini akifyonza inayumba na chai inaingia chini yake. Akiivua aonje bila meno, hewa inavujia mbele na shati linalowa. Msinielewe vibaya. Plate ile ile ingemfaa mwalimu, mkulima, kasisi, mimi mwenyewe. Nimetengeneza mamia, na watu wamekula nyama na kuzika wazazi na kuoa wakiwa nazo. Meno ya kuvaa si meno ya maskini, mnanisikia? Unayapata haraka, hakuna kisu, yakivunjika fundi anayarekebisha. Tatizo halikuwa meno. Tatizo lilikuwa ile kazi.

Daktari Rono akamwita, akamwita na mke wake, akawaketisha. Nilikuwepo, nimeshika sanamu ya plasta ya taya lake. Akawaeleza kwamba Nairobi kuna daktari bingwa, amesoma ng'ambo, anapanda skrubu ndani ya mfupa. Mfupa unaishika wenyewe, kama udongo unavyoshika mizizi, halafu meno yanakaa juu yake. Kaakaa linabaki wazi. Lakini hakuwaficha kitu. Ni ghali. Ni kupasuliwa ufizi mara mbili. Baada ya skrubu kuingia, unangoja miezi mfupa ushike, na haiwezekani kuharakisha. Mfupa wake ulikuwa umepasuka, kwa hivyo inaweza kukataa.

"Na hiyo miezi yote, nani anaonja?" Baba Chebet akauliza.

Sote tulijua ni nani. Chepkoech alikuwa na ulimi mzuri. Mwaka mmoja kwenye ile meza peke yake, kiti ni chake. Na muonja chai asiyeonja anapelekwa sehemu ya kunyausha majani mabichi, kuyageuza kwa uma pamoja na vijana.

Mama Chebet alikuwa mwanamke wa akili. Akasema, "Baba Chebet, si uko na meno? Si unakula? Wewe ukitazama hayo majani yakiwa yamelowa, ukinusa tu, unajua. Fyonza kidogo, sema neno lako. Nani atajua?"

Na ilikuwa kweli! Hapo ndipo jambo hili lilikuwa zito. Miaka aliyokuwa amekaa kwenye kazi ile, kwa macho na pua angeweza kupatia karibu kila mara. Meneja asingejua. Chepkoech asingethubutu. Mimi nikamuunga mkono Mama Chebet, kwa sauti kubwa, kama kawaida yangu. Nikamwambia asiwe mjinga, ashike kiti chake na plate yake, uzee unakuja.

Baba Chebet alisogea kwangu. Akachukua ile plasta mkononi mwangu, taya lake mwenyewe lenye pengo, akaligeuza geuza.

"Wachumaji wanaamka kukiwa na giza," akasema. "Halafu mimi nibahatishe?"

Akatoka hapo, akaenda moja kwa moja kwa meneja, akamwambia ukweli: sionji. Nataka kwenda kuweka meno ya skrubu, na mpaka yakae, mnipe ruhusa nimfundishe huyu msichana kila kitu ninachojua. Meneja, naye Mungu ambariki, akakubali.

Vijana, mimi nimeona watu hodari. Nimemwona Mzee Ombati akichonga jino la nta kwa kisu cha kukunja, gari linatikisa jengo zima, mkono wake hautetemeki. Lakini sijaona kitu kama miezi ile. Nilikuwa nikipanda kiwandani mara kwa mara kurekebisha ile plate yetu, ambayo sasa ilikuwa ya muda tu, maana baada ya skrubu kuingia ilibidi tuikwangue kwa ndani isizikandamize. Mkipata mgonjwa wa namna hiyo, kwangueni bila huruma, plate ikikandamiza skrubu changa mmeharibu kila kitu. Basi ninamkuta amesimama kando ya Chepkoech, ameivua plate, hana meno, mikono nyuma. Msichana anafyonza, anatema.

"Imekugusa wapi?"

"Pande za ulimi, mwalimu."

"Na ufizi?"

"Ufizi pia. Kama inakwaruza kidogo."

"Inakwaruza na kuondoka, ama inakwaruza na kukaa?"

"Inakaa."

"Hiyo ni nzuri. Hiyo usiisahau mpaka ufe."

Kila kitu alimpa. Hakubakisha hata kijiko. Wafanyakazi wenzake walikuwa wanamcheka kwamba anajichimbia kaburi na kumkopesha mwingine jembe. Nami nilimwambia hivyo hivyo. Alikuwa anajibu kwamba chai ya Chepkoech ikiwa mbaya, inaingia kwenye gunia moja na yake.

Kupandwa skrubu kule Nairobi nilienda naye, Mzee Ombati alinituma na vipimo vya rangi nikamsaidie fundi wa huko. Yule daktari bingwa aliniruhusu nisimame nyuma nitazame. Skrubu zenyewe ni ndogo, mnajua nyinyi siku hizi, lakini kwangu ilikuwa ajabu, kitu kama cha kufungia redio kinaingia kwenye mfupa wa mtu na mtu anaishi. Mbili tu, kubeba meno manne. Tukarudi, tukangoja. Baba Chebet alipiga mswaki mpaka mswaki ukaomba msamaha. Mfupa ukashika. Akafunguliwa tena, akawekewa meno. Aliporudi Kericho, Mzee Ombati alimketisha dirishani, akaosha mikono, akajaribu kuyatikisa kwa kidole. Hayakutikisika. Mzee akarudi nyuma hatua moja, akayatazama. Nilifikiri ameona wivu, maana hiyo kazi ilikuwa mwanzo wa kutupunguzia ugali. Akaniita: "Ruth, njoo. Njoo uguse kazi ya watu." Uso wake ulikuwa umejaa furaha kabisa.

Siku ya kumpima ikafika. Meneja aliamua wote wawili waonje vikombe vile vile, kila mmoja peke yake, bila kusikia mwenzake, kisha ndio aamue nani ana neno la mwisho mezani. Mimi nilikuwepo. Ningekosaje? Baba Chebet akaingia. Fyuuu! Safi, imebana, hakuna tone kwenye shati. Nilitamani kupiga makofi. Kikombe kwa kikombe, anatema, anasema, meneja anasikiliza. Akatoka, Chepkoech akaingia, naye akafanya yake.

Walikubaliana vikombe vyote isipokuwa kimoja. Baba Chebet alisema ni chai safi. Chepkoech alisema majani yake yalipata joto ndani ya gunia kabla ya kufika kiwandani.

Meneja akawaita wote wawili. Chepkoech ametazama chini, anafunga na kufungua mikono. Nikaona wazi kwamba akiulizwa tena atasema amekosea, kwa heshima tu. Meneja akamgeukia Baba Chebet, kwa sababu yeye ndiye mkubwa. Neno lake moja lingetosha, na hakuna mtu duniani angembishia.

Baba Chebet akachota, akafyonza, akatema. Akachota tena. Mara hii alifumba macho, akaiacha chai mdomoni, akaipitisha huku na huku. Mashine zilikuwa zinanguruma upande ule mwingine. Akatema.

"Ladha ya joto iko," akasema. "Ni nyembamba, lakini iko. Mimi imenipita. Yeye imemgusa." Akaweka kijiko chini. "Meneja, neno la mwisho mpe Chepkoech. Mimi nitaonja nyuma yake."

Yule msichana alijifunika uso. Mimi nilitoka nje kwa hasira, nikamngojea kwenye jukwaa la kupakia magunia. Alipotoka nikamvamia.

"Baba Chebet, umepasuliwa mara mbili! Umeuza ndama! Umekaa bila meno miezi na miezi, watu wanakucheka! Yote hayo ili umpe mtoto wa mwenzako kiti? Si ungebaki na plate yetu, na kiti chako ungekuwa nacho mpaka leo!"

Akanitazama kama vile ananionea huruma.

"Ruth," akasema, "nikiwa na ile plate, ningejuaje kwamba huyu mtoto amesema kweli?"

Nikamshika mkono. Nikalia hapo nje mbele ya wapakiaji wa magunia, wala sikuona haya.